Bango na tao la Chicago Theatre

Uso wa jumba la Chicago Theatre, lililofunguliwa mwaka 1921 katika Mtaa wa State, ni tao moja kubwa lenye kimo cha ghorofa sita hivi, lililobuniwa kwa kufuata Arc de Triomphe ya Paris. Wasanifu wake, ndugu Cornelius na George Rapp, waliufunika kwa vigae vya terakota vyeupe visivyokolea. Uamuzi huo ulikuwa wa busara: udongo huo hufinyangwa katika kalibu kabla ya kuchomwa, hivyo nakshi tele zilipatikana bila gharama ya kuchonga mawe. Ndani ya tao mna dirisha la vioo vya rangi lenye nembo ya wamiliki wa kwanza, Balaban na Katz: farasi wawili walioshika utepe wa filamu mdomoni. Ni majivuno, ila ya kuchekesha. Mbele yake limesimama bango la wima lenye jina la mji, linalokaribia urefu wa tao lenyewe. Wanaolalamika kwamba linaziba usanifu husahau kuwa jumba lilijengwa liuze tiketi. Jumba lilinusurika kubomolewa, likafunguliwa upya mwaka 1986. Bango na taa zake zastahili kuhifadhiwa sawasawa na terakota.