Uniti 75 za Nani? Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa EWURA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakaa Temeke, chumba cha tatu kushoto ukiingia, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati, choo na bafu uani, na mita moja ya LUKU karibu na mlango wa mbele. Tuko kaya sita. Nakuandikia wewe badala ya TANESCO kwa sababu wao bei wanaiomba, ninyi ndio mnaoipitisha. Shida yetu haiko kwenye mita wala kwenye nyaya. Iko kwenye agizo la bei.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yangu kununua umeme. Zamu maana yake ni kupita mlango kwa mlango na daftari la shule lenye jalada lililochanika, ukiandika nani katoa na nani kasema "nitakupa jioni". Daftari hilo lina bei zake, tulizopanga wenyewe baada ya ugomvi mwingi. Taa, simu na redio, 5,000 kwa mwezi. Ukiwa na televisheni, ongeza 2,000. Feni, 2,000 nyingine. Mama wa chumba cha mwisho ana friji, anauza barafu za ubuyu kwa watoto wa shule, kwa hiyo anaongeza 12,000. Pesa zikitimia, mmoja ananunua kwenye simu, anasoma zile tarakimu 20 kwa sauti, mwingine amesimama juu ya stuli anabonyeza. Safari hii tulikosea tarakimu ya 17, tukaanza upya, na kijana wa bodaboda aliyekuwa anapiga pasi kwa siri akajifanya hakuwa na haraka.

Kwa mwezi tunatumia uniti 150 hivi. Nimefuatilia kwa miezi mitatu, nikisoma mita asubuhi na usiku, siku nyingine nikiwaomba wenzangu wazime vitu ili nijue kipi kinakula. Chumba cha friji kinakwenda kwenye uniti 60. Sisi watano tuliobaki ni kama uniti 18 kila mmoja.

Sasa tazama agizo lenu. Tangu Aprili 2016, mteja wa majumbani mwenye matumizi madogo, yule wa D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa matumizi ya kawaida, T1, hulipa shilingi 292. Hizo ni bei kabla ya VAT na makato ya REA na EWURA. Nyumba yetu iko T1, kwa sababu mita inaona uniti 150 na haina macho ya kuona kaya sita.

Kaya yenye uniti 18 kwenye D1 ingelipa 1,800. Inalipa 5,256. Kwa pesa hiyohiyo, mtu mwenye mita yake peke yake angepata uniti 52: friji, feni, televisheni na pasi ya kila siku. Mama wa barafu naye, pamoja na friji lake lote, hafiki 75. Angelipa 6,000, lakini umeme wa chumba chake unagharimu 17,520. Yaani ndani ya nyumba hii hakuna hata kaya moja inayovuka kiwango mlichokiweka kwa ajili ya wanyonge, na hakuna hata moja inayokipata. Nyumba nzima inalipa 43,800 badala ya 15,000. Tofauti hiyo kwa mwaka ni shilingi 345,600. Ada ya kumuunganishia umeme mteja wa mjini asiyehitaji nguzo ni 320,960. Kwa maneno mengine, kila mwaka tunalipa bei ya mita mpya ambayo hatuipati.

Sitaki uone kwamba naisema vibaya D1. Ni sera nzuri. Wenzetu wa Kenya walikuwa na nafuu ya mpaka uniti 100 kwa mwezi, Aprili 2023 ikashushwa hadi 30. Sisi 75 imebaki, na kaya ya watu wa kawaida inaweza kuishi ndani yake kwa heshima. Lakini nafuu hii imefungwa kwenye mita, na mita mjini husajiliwa kwa jina la mwenye nyumba. Anayemiliki nyumba ndogo na kukaa mwenyewe anaipata. Anayepanga chumba kimoja kwa sababu hana nyumba haipati. Afrika Kusini nao walikutana na jambo hili. Sera yao ya uniti 50 za bure kwa kaya maskini, iliyoanza 2003, inamkwepa mpangaji wa kibanda cha uani anayechomeka waya kwenye mita ya nyumba kubwa.

Huwa tunaambiwa kwenye redio: tumieni umeme vizuri, zimeni taa, nunueni vifaa visivyokula umeme. Ushauri mzuri, na nimejaribu kuufuata. Kijana wa bodaboda alikuwa anawasha ile taa ya kizamani ya wati 60, ya duara, kwa muda wa saa tano kila usiku. Hiyo ni uniti 9 kwa mwezi kwa taa moja. Nilimnunulia ya LED ya wati 9 na matumizi yakashuka hadi uniti moja na robo na kidogo. Kilichookolewa, kwa bei ya T1, ni kama shilingi 2,200. Gawanya kwa kaya sita. Nilijipatia shilingi 370 kwa mwezi, na yeye aliichukua ile taa ya zamani akaenda kuwashia vifaranga wake. (Vifaranga wanaendelea vizuri.)

Friji la mama wa barafu ni kisa kirefu zaidi. Ni la mtumba, limekuja na meli, lina nembo ya duka ambalo hakuna aliyewahi kulisikia hapa. Linanguruma mchana kutwa. Siku moja nilichukua kipande cha gazeti, nikakibana kwenye mlango wake, nikavuta. Kikatoka kama kwenye mfuko. Nikajaribu juu, chini, pembeni: upande wa bawaba tu ndio uliokuwa unashika. Mpira wa mlango umechoka, baridi inatoka usiku na mchana, na mota inafukuzana nayo. Nyuma, zile nyavu za kupoozea zilikuwa zimevaa vumbi kama sufi, na friji lenyewe limesukumwa mpaka ukutani. Tulilisogeza, tukalisafisha bure. Kuhusu mpira, fundi alitaja bei yake, mama akanitazama akacheka.

"Mwalimu, nikiutengeneza, daftari litanipunguzia?"

Sikuwa na jibu. Analipa 12,000 friji likinguruma au likitulia. Gharama ya mpira ingekuwa yake, faida ingekuwa ya nyumba nzima. Hakuna semina ya matumizi bora ya nishati inayoweza kushinda hesabu hiyo, na mama yule hesabu anaijua kuliko sisi tuliosoma.

Unaweza kusema tununue mita ndogo za ndani, kila chumba chake. Baadhi ya nyumba hapa mtaani zimefanya hivyo, na ugomvi umepungua kweli. Ila mita ndogo inagawa bili tu. Bei inabaki ileile ya T1, kwa sababu mbele ya TANESCO mteja bado ni mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo naomba ulitazame kwa makini. Mei 2024 Rais alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Umeme upo. Sasa njoo kwenye korido yetu usome karatasi iliyobandikwa ukutani, imeandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu: "Jiko la umeme, hita na pasi MARUFUKU." Bibi mwenye nyumba si mtu mbaya. Alichoka kuamua ugomvi wa LUKU. Karatasi kama hiyo utaikuta nyumba nyingi za kupanga, na kwa mpangaji ndiyo sheria ya nishati iliyo karibu zaidi naye.

Kwa ruhusa ya Bibi, Jumapili moja niliazima kwa dada yangu jiko la presha la umeme. Wenzangu walizima kila kitu, hata friji, nikaandika uniti zilizobaki kwenye mita: 14.6. Nikaweka nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku, maji, kitunguu. Walikuja kusimama mlangoni kama wanasubiri matokeo ya mtihani. Maharage yalipoiva mita ilisoma 14.2. Sehemu nne za kumi za uniti moja, kama shilingi 117 kabla ya kodi, na hiyo ni kwa bei yetu ya juu. Sufuria hiyohiyo kwa mkaa wa kupimiwa inanila shilingi 1,000. Mama wa barafu alionja, akasema yamekosa harufu ya moshi, kisha akaomba bakuli la pili.

Jiko lile halijarudi nyumbani kwetu. Hata mwenye mita yake ana tahadhari: akiwa D1 na akapikia umeme kwa uniti moja tu kwa siku, ameongeza uniti 30 kwa mwezi, na akivuka 75 kila uniti ya ziada inahesabiwa shilingi 350, zaidi hata ya T1. Serikali inamwambia apikie umeme, agizo la bei linamwambia athubutu aone.

Najua hoja itakayoletwa. Wenye nyumba watadanganya, watasema wana kaya kumi kumbe wana tatu. Inawezekana. Lakini mwenyekiti wa serikali ya mtaa anajua nani anakaa wapi, nyumba sasa zina namba za anwani za makazi, na wapangaji watu wazima wengi wana namba za NIDA. Serikali ilipotaka kodi ya majengo mwaka 2021, iliweza kuiingiza kwenye LUKU. Leo nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kila mwezi, na kwetu inatoka kwenye daftari, yaani wapangaji tunamlipia Bibi kodi ya nyumba yake. Kama mfumo uliweza kuhesabu majengo ili kutoza, unaweza kuhesabu kaya ili kupunguza.

Hoja ya pili ni kwamba TANESCO itapoteza mapato. Itapoteza kiasi, ndiyo. Lakini ni mapato ambayo ninyi wenyewe mlikwisha amua kaya ya namna hii isitozwe. Yanapatikana kwa sababu tu tunaishi chini ya paa moja.

Ninachoomba hakihitaji bwawa jipya. Mita iliyosajiliwa kuwa na kaya zaidi ya moja ipewe kiwango cha D1 kulingana na idadi ya kaya: nyumba yetu, uniti 450 badala ya 75. Uhakiki ufanyike kila mwaka ofisi ya mtaa, na mwenye nyumba atakayedanganya arudishwe T1 pamoja na faini. Pale ambapo mwenye nyumba anakubali kutenganisha, ada ya mita ya pili na ya tatu ilipwe kidogo kidogo kupitia LUKU. Kwa njia hiyohiyo mpangaji mwenye mita yake angeweza kukopeshwa jiko la presha, au hata mpira wa friji. Mkopo wa namna hiyo kwenye mita ya watu sita hauwezekani: akihama aliyekopa, deni linabaki na waliobaki. Ndiyo maana kuhesabu kaya kunatangulia. Na bei ya uniti zinazozidi 75 itazamwe upya kwa anayepikia umeme; hapo sijui hesabu sahihi ni ipi, ninyi mna wataalamu.

Mnapopitia bei huwa mnaitisha mkutano wa taftishi, na wananchi wanaalikwa kusema. Wanaokuja mara nyingi ni wenye viwanda, wenye hoteli, na mawakili wao. Mpangaji wa chumba kimoja hana barua ya mwaliko, kwa sababu kwenye orodha ya wateja jina lake halimo. Naomba taftishi ijayo kimoja cha vikao vyake kifanyike jioni, Mbagala, Manzese au Buguruni, kwenye uwanja wa shule, na ajenda ya kwanza iwe nyumba zenye mita moja. Nitakuja na daftari. Lina miezi 26 ya nani alilipa nini, na kurasa mbili zenye doa la ubuyu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji, chumba cha tatu
Temeke, Dar es Salaam