Unalipia Betri, Kupimwa Hutaki

Wasee wenye magari, na nyinyi mnaoendesha gari za wenyewe mkikimbizana na hesabu ya jioni, leo ni zamu yenu.

Baridi ya Julai ikishika Nairobi, tembea asubuhi kando ya Naivasha Road pale Kawangware, ama Kibera upande wa Toi. Lazima upate gari inasukumwa. Injini imeguna mara mbili tatu, ikanyamaza. Na kabla boneti haijafunguliwa, hukumu imeshatoka: "Hiyo ni betri." Anayepita na mkokoteni anasema betri. Mama wa mandazi anasema betri. Mwenye gari anaingia kwa mat hadi Kirinyaga Road, anarudi na betri mpya, maelfu yameenda. Wiki mbili baadaye gari inasukumwa tena, na sasa kila mtu anasema fundi ni mwizi.

Mimi nasema hivi: hii biashara ya kubahatisha ni wewe mwenye gari umeijenga. Fundi akikuambia umpe mia tano akutafutie shida, unaruka juu. "Si umeangalia tu?" Lakini akikuambia ununue kitu cha elfu nane, unatoa simu unatuma pesa. Sasa wewe ungekuwa yeye, ungeuza nini?

Na kuangalia si kitu kidogo. Gari kuchelewa kuwaka ni magonjwa mawili tofauti, na sikio la fundi linayatenganisha haraka. Kuna injini inayozunguka kwa uzito kama mtu ameamshwa saa kumi usiku. Huo ni umeme. Halafu kuna ile inayozunguka vizuri kabisa, kwa kasi, lakini haishiki. Hapo betri haina kesi.

Tuanze na umeme, maana ndipo pesa zenu zinaishia. Sikio haliwezi kukuambia kama ni betri, waya ama stata, zote zinaguna sawa. Mita ndiyo inasema. Betri iliyojaa, ikiwa imelala usiku mzima, inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0 imeisha, lakini bado hujajua kama imekufa ama haichajiwi. Washa gari, hata kama ni kwa kujampu, usome tena. Gari nyingi zinafaa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwa 12 na kitu, shida ni oltaneta, belti yake ama waya zake, na ukinunua betri mpya hapo unaipeleka tu ikafe na mwenzake.

Kama inachaji poa, uliza nini kinakunywa umeme usiku. Redio ile ya kufungiwa mtaani, alamu, traka ya watu wa mkopo. Na wewe unayekaa jam ya Ngong Road taa zimewaka, muziki juu, simu mbili kwa chaja, injini iko chini: usitarajie oltaneta ifanye miujiza.

Kuna kipimo kimoja watu huruka na ndicho kinaokoa pesa zaidi. Weka ncha moja ya mita kwa nguzo hasi ya betri yenyewe, nyingine kwa chuma safi cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea kwa ule waya mweusi unaoshika bodi na injini. Dawa yake ni kufungua, kusugua kwa msasa hadi chuma ing'ae, kukaza. Msasa, wasee! Mtu amenunua betri mbili kwa sababu ya shida ya msasa. Waya zikiwa safi, betri ikishikilia juu ya volti 9.6 wakati wa kupiga stata, na bado injini inajivuta, sasa ndio umeongea kuhusu stata yenyewe, mara nyingi brashi zimeisha.

Ile inayozunguka haraka bila kushika, jaribu hivi: funguo kwa "on", ngoja sekunde mbili pampu ijaze, zima, rudia, halafu piga. Ikishika papo hapo, presha ya petroli ilikuwa inarudi chini usiku. Isiposhika, nenda kwa plagi na sensa.

Hiyo yote ni kama robo saa, na mita ya kawaida haifiki elfu mbili. Mafundi wengi wa mtaa wanaijua hii kazi. Ila hiyo robo saa hakuna anayeilipa, na betri ina kitu kidogo kutoka kwa mwenye duka.

Kinachoniuma ni hiki. Jamaa wa Lavington akipeleka gari kwa gereji ya vigae vyeupe, anapewa bili imeandikwa "uchunguzi" na analipa akitabasamu. Gari ileile ikivuka kuja Kawangware, uchunguzi unakuwa bure kwa sababu anayechunguza ana ovaroli chafu. Daktari unamlipa kukuona kabla hajaandika hata Panadol. Kichwa cha fundi kina shida gani?

Mafundi pia, msijifiche nyuma yangu. Ukisema "ni betri" bila kuonyesha namba, wewe ni mganga wa spea. Na ile mashine ya kusoma kodi haitakuambia terminali imeota unga mweupe. Fungua boneti.

Kwa hivyo kabla boneti ifunguliwe, elewaneni bei ya kupima, hata kama hakutauzwa kitu. Kisha mwambie akuonyeshe mita: gari ikiwa imezimwa, ikipigwa stata, ikiwa imewaka. Piga picha hizo namba tatu. Akikataa na umesema utamlipa, vuka barabara, fundi mwingine yuko hapo ng'ambo.