Wazishi wa Porini

Mtu apitaye karibu na mzoga huziba pua, akawalaani inzi na funza. Lakini hao hawastahili kulaaniwa, maana ndio wazishi wa porini.

Mbuzi akifa mahali pa wazi huko Mikese, mashariki ya Morogoro, inzi wa kijani huja upesi, wakataga mayai puani, machoni na penye kidonda. Kwa muda wa siku moja hivi mayai huanguliwa, na funza huila nyama laini. Jua likikausha mzoga, funza hujifukia udongoni wapate kugeuka kuwa inzi. Ndipo dundu wadogo huja kutafuna ngozi kavu. Bali katika msitu wa Uluguru, penye kivuli na unyevu, mzoga hukawia kukauka, na funza hula siku nyingi zaidi. Bila wadudu hao nchi ingejaa mizoga.

Walakini kazi yao ni ya porini. Inzi atokaye mzogani huchukua uchafu miguuni, akautia katika chakula. Basi mwenye busara haachi mzoga karibu na nyumba wala kisima. Huufukia chini sana. Porini mzishi ni funza; kijijini mzishi na awe mtu.