Wastani wa Wilaya Hautibu Wazee wa Juani

Jamani, hivi ukiambiwa Wilaya ya Mafia ina watu 66,180, umejua nini kuhusu bibi wa miaka sabini na kitu anayeishi Juani? Mimi nasema hujajua kitu. Hiyo ni hesabu ya Sensa ya 2022. Ile ya 2012 ilitoa 46,438. Namba inakua, bibi haonekani.

Juani si Kilindoni. Mzee wa Kilindoni mwenye presha ana hospitali ya wilaya karibu. Wa Juani anasubiri maji yajae, apande mashua mpaka Utende, halafu atafute usafiri wa nchi kavu. Na magonjwa ya uzeeni si ya kwenda mara moja ukapona. Presha na kisukari vinataka urudi kliniki tena na tena. Sasa chukua wazee hawa wawili, wachanganye, tafuta wastani. Utapata mzee ambaye hayupo popote: nusu yuko hospitali, nusu yuko majini! Halafu huyo ndiye tunayempangia dawa.

Msiniambie takwimu hazipo. Sensa ya 2012 iliuliza nani ana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kujihudumia. Iliuliza pia vifo vilivyotokea kwenye kaya. Majibu hayo yakipangwa kwa umri, jinsia na kisiwa, yanasema mengi. Yakiachwa kwenye jedwali la wilaya, yananyamaza.

Hata hivyo tuyasome kwa akili. Sensa inamhesabu mtu pale alipolala. Mzee akizidiwa, wanawe wanamchukua Dar es Salaam, anahesabiwa huko, na akifia huko kifo chake kinakuwa cha jiji. Kisiwa kitaonekana kina wagonjwa wachache, kumbe wagonjwa wameondoka!

Halafu kuna suala la umri. Wanaosoma sensa wanajua kwamba miaka inayoishia na 0 au 5 hujaa watu kupita kiasi, kwa sababu asiye na cheti cha kuzaliwa hukisia. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, mzee anatambuliwa kuanzia miaka 60, na ahadi ya matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo inaanzia hapo. Kwa hiyo wawili wa rika moja, mmoja kaandikiwa 57, mwenzake 60. Mmoja atoe hela, mwingine asitoe. Usawa gani huo, ndugu zangu?

Mnadhani naota? Vukeni bahari tu hapo mkaione Rufiji. Mwaka 1998 ulianzishwa mfumo wa kufuatilia kaya: wahojaji walipita mara tatu kwa mwaka, wakaandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa na kwa dalili gani. Halmashauri ikatumia takwimu hizo kuelekeza fedha kwenye magonjwa yaliyokuwa yanaua watu wake hasa. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sisemi daftari lilitibu mtoto, lakini lilionyesha dawa iende wapi. Kilichowafaa watoto wa Rufiji kwa nini kisiwafae wazee wa visiwani?

Najua wataalamu watasema Juani ni ndogo mno, vifo viwili vikizidi mwaka huu asilimia inaruka. Ni kweli. Basi unganisheni miaka mitano, na Juani, Chole na Jibondo zisomwe kwa pamoja, maana wote wanavuka maji kufuata hospitali. Hapo namba zinatulia, na hakuna atakayejua ugonjwa wa nani ni upi. Udogo si sababu ya kumezwa.

Ninachotaka si sensa mpya wala semina ya hotelini. Kila kijiji kiwe na daftari la watu wa miaka 55 na kuendelea, umri uhakikiwe kwa kulinganisha ndugu na marika, waandikwe wanaougua nini, na anayepelekwa Dar aandikwe kwamba ametoka Juani. Daftari hilo lifike kwenye kikao cha bajeti cha halmashauri, lisomwe kisiwa kwa kisiwa.

Mkiendelea kutupa wastani, basi mtuonyeshe na huyo mzee wa wastani anaishi kijiji gani. Naomba kuwasilisha.