Baba analala baharini leo: Nyumbani mnajua anarudi saa ngapi?

Katika miji ya pwani, kuanzia Tanga na Bagamoyo hadi Dar es Salaam na Mtwara, upo utamaduni unaozidi kupendwa na wanaume wenye ajira za ofisini na biashara zao mjini. Marafiki watano au sita wanachangishana fedha za boti, mafuta, chambo na barafu. Jumamosi jioni wanaondoka, wanatia nanga juu ya mwamba mbali na ufukwe na kuvua kwa mshipi usiku kucha. Jumapili asubuhi wanarudi na changu, chewa na kolekole, macho mekundu na hadithi za samaki mkubwa aliyekata mshipi.

Ni starehe nzuri. Inawatoa watu kwenye viti vya baa, inawapa nafasi ya kuzungumza na inaleta kitoweo nyumbani. Tatizo liko kwenye maneno mawili ambayo familia nyingi huachiwa mlangoni: “Nitarudi asubuhi.”

Asubuhi inaanza saa 12 na kuisha karibu na saa 6 mchana. Ndani ya muda huo, mke anaweza kujiambia mara kumi kwamba labda samaki wamekolea, labda simu imeisha chaji, labda wamepitia mahali kunywa supu. Wakati anajipa moyo hivyo, chombo kilichoharibikiwa kinaendelea kusogea.

Wavuvi wa kazi wana watu wanaowahesabu

Katika vijiji vya uvuvi, kila diko lina macho. Wachuuzi wanaosubiri samaki wanajua ni vyombo vingapi vimetoka jana na vingapi vimerudi. Mama anayekaanga samaki anajua nahodha gani huchelewa na yupi hachelewi. Chombo kisipoonekana, maswali yanaanza mapema na wenzao wanaingia baharini kutafuta, kwa sababu wanajua kilielekea mwamba upi.

Kundi la marafiki kutoka mjini halina ulinzi huo. Wanaondokea kwenye ufukwe ambao hakuna anayewajua, ndani ya boti ya kukodi, na kila mmoja ameiaga familia yake kivyake. Mara nyingi wake zao hata hawana namba za simu za wenzao. Wasiporudi, hakuna mtu mmoja anayejua walikuwa wangapi, walielekea wapi na walitarajiwa lini.

Ndiyo maana mtu anayebaki nyumbani ahesabiwe kuwa sehemu ya safari. Kazi yake ni ndogo lakini hakuna mwingine anayeweza kuifanya: kujua saa ya kurudi, na kuchukua hatua saa hiyo ikipita.

Hesabu ya kilomita

Chukulia mfano. Boti ilitarajiwa ufukweni saa 1 asubuhi. Saa 8 usiku kamba ya nanga imekatika na mashine imegoma kuwaka. Mkondo unawasukuma kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea polepole.

Kama familia ilikubaliana kwamba ikifika saa 3 asubuhi bila habari inatoa taarifa, chombo kitakuwa kimesogea kilomita 21, na waokoaji watakuwa na saa 9 za mwanga mbele yao. Kama familia itasubiri hadi saa 12 jioni, chombo kitakuwa kimefika kilomita 48, na giza linaingia. Umbali umeongezeka zaidi ya mara 2, lakini eneo la bahari la kutafutwa limeongezeka zaidi ya mara 5, kwa kuwa hakuna anayejua kwa hakika upande waliosukumiwa.

Waliomo ndani nao wanazidi kudhoofika. Jua, chumvi, kutapika na uhaba wa maji ya kunywa humaliza nguvu za mwili kwa siku moja. Aliyeanguka majini ana muda mfupi zaidi.

Karatasi moja kabla ya kuondoka

Mambo ya kuacha nyumbani yanaenea kwenye ujumbe mmoja wa simu, au kwenye karatasi iliyobandikwa mlango wa friji:

- Jina, rangi na namba ya usajili ya boti, pamoja na picha yake iliyopigwa ufukweni.
- Jina na namba ya simu ya nahodha, na za angalau wenzake wawili.
- Idadi ya watu waliopanda.
- Ufukwe wanakoondokea na mwamba au eneo wanakokwenda. Wakibadili eneo wakati mtandao bado upo, watume ujumbe mwingine.
- Saa ya kurudi, na saa ya kutoa taarifa iwapo hawajaonekana.

Saa hii ya mwisho ndiyo muhimu kuliko yote, na ikubaliwe na wote wawili kabla ya safari. Ikifika, anayebaki nyumbani hahitaji kujiuliza kama anaonekana ana wasiwasi kupita kiasi. Anampigia nahodha, kisha familia za wenzake, kisha watu wa diko au kikundi cha BMU cha eneo lile. Kama hakuna jibu, anapiga polisi kwa namba 112 au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114 na kusoma yaliyo kwenye karatasi. Dar es Salaam kuna kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji majini, na taarifa zenye jina la chombo, idadi ya watu na eneo ndizo zinazosaidia msako kuanza.

Wapo wanaume wanaoona maswali haya kama kufuatiliwa. Mke akiuliza, “Baba watoto, boti inaitwaje na nahodha ni nani?” anajibiwa kwa mzaha au kwa ukali. Ni vyema jambo hili lizungumzwe mapema, mchana, kabla ya begi kufungwa. Rubani wa ndege huacha mpango wa safari yake kwa watu wa ardhini na hakuna anayesema haaminiwi. Na ikiwa mama ndiye anayesafiri na wenzake, utaratibu ni uleule.

Bahari ikisema hapana

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mawimbi, na hutoa tahadhari pale upepo mkali au mawimbi makubwa yanapotarajiwa. Utabiri huo uangaliwe siku moja kabla, kisha uangaliwe tena saa chache kabla ya kuondoka. Msimu wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari ya upande ulio wazi huchafuka kwa siku kadhaa mfululizo. Kaskazi nayo ina siku zake mbaya.

Ugumu mara nyingi hautoki kwenye utabiri bali kwenye fedha. Michango imeshatolewa, barafu imenunuliwa, mmoja amesafiri kutoka Morogoro. Katika hali hiyo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema warudi nyumbani. Dawa yake ni kukubaliana tangu siku ya kuchangishana kwamba nahodha akisema hapana, safari imeahirishwa bila mjadala, na kwamba mtu yeyote akisema hana amani na hali ya bahari, hachekwi.

Mwili kwenye boti iliyotia nanga

Boti inayotembea huyumba, lakini iliyotia nanga huyumba zaidi. Macho yanatazama chambo na ndoana, huku sikio la ndani likiuambia ubongo kwamba mwili unacheza. Mgongano huo wa taarifa ndio unaoleta kigegezi, hata kwa mtu mwenye nguvu. Kutazama taa za mbali, kukaa katikati ya chombo na kukwepa moshi wa mashine husaidia. Dawa za kuzuia kutapika hufanya kazi zikimezwa kabla ya kupanda, na nyingi huleta usingizi, hivyo mfamasia aulizwe kwanza. Dawa hizo zisichanganywe na pombe.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge yuko kwenye hatari ya pekee. Akimeza dawa kisha akatapika chakula, sukari yake inaweza kushuka gizani, na wenzake wakadhani amelewa au amelala. Mwenye presha anayetumia dawa za kuongeza mkojo hupungukiwa maji haraka zaidi anapotapika. Watu hawa waongee na daktari wao kabla ya safari, wabebe dawa kwenye mfuko usiopitisha maji, na angalau rafiki mmoja ndani ya boti ajue hali zao.

Jaketi okozi livaliwe muda wote, kwa sababu lililofungwa chini ya benchi halimfikii aliyeanguka. Wengi huanguka usiku wakati wa jambo la kawaida kabisa, kusimama ukingoni kwenda haja ndogo. Ndoo iliyowekwa katikati ya boti inaondoa hatari hiyo. Kunywa pombe kunaiongeza, kwa sababu kunaharibu uwiano wa mwili na kumfanya aliyeanguka ashindwe kujisaidia. Kama boti ina chumba, jiko la mkaa lisiwashwe humo, kwani gesi yake haina harufu na huua watu waliolala.

Ajali za mikono nazo zipo. Tasi, samaki anayependwa mezani, ana miiba yenye sumu, na hongwe pia. Anayechomwa huumia sana. Huduma ya kwanza ni kutumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Chupa ya chai yenye maji ya moto inatosha, mradi yapoozwe kidogo na kujaribiwa kwanza na mtu ambaye hakuchomwa, kwa sababu aliyechomwa anaweza kuungua bila kujua. Ndoana iliyozama kwenye mwili karibu na jicho au kiungo isivutwe; apelekwe hospitali ikiwa palepale ilipo.

Samaki na barabara

Safari haiishi boti inapogusa mchanga. Samaki waliokaa kwenye ndoo bila barafu tangu saa 4 usiku wanaweza kuonekana wazima na bado wakawadhuru watoto. Jodari, vibua na nguru wasipopoozwa haraka hujenga histamini, ambayo haiondolewi kwa kuchemsha wala kukaanga. Ndani ya muda mfupi baada ya kula, mtu huwa mwekundu usoni, huwashwa, huumwa kichwa na moyo humwenda mbio. Katika nchi za joto kama yetu, kipimo rahisi ni kilo 1 ya barafu kwa kila kilo 1 ya samaki. Bunju asiletwe nyumbani kabisa. Sumu yake haiishi kwa moto na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Aliyemla na kuhisi ganzi midomoni awahishwe hospitali.

Mwisho ni usukani. Utafiti umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo huwa mzito wa kuitikia kama aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka Jumamosi saa 12 asubuhi na kuvua hadi alfajiri ya Jumapili amezidi saa hizo kwa mbali, na anashika gari au pikipiki akijiona yuko sawa kwa sababu bahari imemwachia hewa safi. Kundi likodi gari lenye dereva, au walale saa chache palepale ufukweni kabla ya kuondoka.

Na watoto? Kijana anayeomba kufuatana na baba asipelekwe kwa mara ya kwanza usiku. Aanze na safari fupi ya mchana, karibu na ufukwe, akiwa na jaketi la ukubwa wake. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani anapoingia majini.

Kwa familia ambayo baba anaondoka jioni hii, mazungumzo yote haya hayazidi dakika 10. Akishagusa nchi kavu atume ujumbe kwanza, kabla ya kugawana samaki. Na kama saa iliyokubaliwa imepita na simu iko kimya, taarifa itolewe. Ikitokea dakika 5 baadaye akaingia mlangoni akicheka, kilichopotea ni muda wa simu mbili, na polisi wataarifiwe kwamba amefika salama.