Sukari imeadimika dukani, ya mwilini hatujui kuisoma

MWAKA 2024, wakati wakazi wa Bujumbura walipokuwa wakidamka alfajiri kupanga foleni ya sukari, mzee mmoja jirani yangu hapa Buyenzi alianguka mlangoni kwake. Alikuwa amejidunga insulini asubuhi, chakula kikachelewa, jasho jembamba likamtoka na mikono ikaanza kutetemeka. Mkewe alijua la kufanya, maana walifundishwa: maji yenye vijiko vitatu vya sukari, haraka, madhali mgonjwa bado anaweza kumeza. Ndani hakukuwa na sukari. Duka la kona nalo halikuwa nayo. Aliokolewa na Fanta ya kukopa kwa mama muuza chapati.

Waliosikia habari hiyo walicheka. Mgonjwa wa sukari kaokolewa na sukari! Lakini mwenye kutumia insulini anajua kwamba adui yake ana nyuso mbili. Sukari ikipanda kwa miaka humla polepole: macho, figo, mishipa ya miguu. Ikishuka chini ya kiwango, humwangusha kwa dakika chache. Kwa hiyo siasa za sukari ya kiwanda cha SOSUMO kule Moso, uzalishaji wake uliopungua na bei iliyopandishwa mwaka huo huo zaidi ya mara mbili, si habari za wanywa chai peke yao. Kuna watu mjini humu ambao kwao robo kilo ya sukari kabatini ni dawa ya dharura.

Hata hivyo, kisa cha mzee huyu hakikuanzia kwenye foleni ya sukari. Kilianzia kwenye mashine ya kupimia, na mashine ile nilimpa mimi.

Nieleze. Nimezaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Nilisoma huko, kwa Kiswahili na baadaye Kiingereza, nikarudi nchini mwaka 2009 nikiwa mwalimu asiyejua Kifaransa cha kuombea maji. Miaka kumi baadaye niligunduliwa na kisukari. Siku ya kwanza ya vipimo niliambiwa nije "à jeun". Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikaenda nyumbani, na kesho yake nikanywa chai na maandazi mawili kabla ya kutoka. Maneno yale yana maana ya kuja bila kula chochote. Nilirudishwa, na ilikuwa haki yao kunirudisha.

Safari ya pili niliambiwa nina "moja nukta tisa". Nikafurahi, maana ndugu yangu aliyebaki Tabora na kuchukua uraia naye ni mgonjwa, na yeye hulalamika akiwa na kumi na moja. Nilidhani mimi nina nafuu mno. Kumbe tulikuwa karibu sawa!

Hapa ndipo penye jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Katika Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia rasmi Julai 2007, damu ya mtu husomwa kwa namba tatu tofauti. Daktari aliyesomea Kifaransa husema gramu kwa lita. Mashine nyingi zinazouzwa hapa, kama zile za Rwanda na Kongo, huonyesha miligramu kwa desilita. Zile zinazotoka Tanzania na Kenya huonyesha milimoli kwa lita. Kiwango ambacho mtu aliyefunga chakula usiku kucha huhesabiwa kuwa na kisukari ni 1.26 kwa wa kwanza, 126 kwa wa pili, na 7.0 kwa wa tatu. Ugonjwa ni ule ule na tone la damu ni lile lile.

Namba 126 haiwezi kumchanganya mtu. Hatari iko kati ya gramu na milimoli, kwa sababu zote ni namba ndogo zenye nukta. Ndugu yangu aliponitumia mashine mpya, ile ya zamani niliyokuwa nimeletewa pia kutoka Tabora nikampa mzee wetu. Nikamwonyesha jinsi ya kutoboa kidole na kuweka kijiti. Sikumweleza habari za vipimo, nikidhani naye anajua. Asubuhi ile mashine ilionyesha 4.2. Mjukuu wake, kijana wa sekondari aliyezoea kusikia madaktari wakitaja gramu, akashtuka: gramu nne! Wakaongeza dozi. Ukweli ni kwamba 4.2 ya mashine ile ni sawa na gramu 0.76, yaani sukari ilikuwa tayari iko chini kidogo kwa mtu anayejiandaa kujidunga. Waliobaki wanaweza kupiga hesabu wenyewe: milimoli moja zidisha kwa 18 upate miligramu, gawanya kwa mia upate gramu. Mwalimu wa hesabu nilipaswa kuandika hilo kwenye karatasi siku ile ya kwanza. Sikuandika.

Nasema haya kwa sababu tumezoea kulizungumzia kisukari kama tatizo la dawa na la ulaji tu. Ni kweli dawa ni tatizo. Benki kuu iliposhusha thamani ya faranga Mei 2023, dola iliruka kutoka faranga kama 2,000 hadi zaidi ya 2,800 kwa bei rasmi, achilia mbali ya mitaani. Insulini, vijiti vya kupimia na sindano vyote hutoka nje na hununuliwa kwa fedha za kigeni. Soko la insulini duniani liko mikononi mwa kampuni tatu kubwa, na nchi ndogo kama yetu haina sauti kwenye meza ile. Vidonge vya metformini angalau ni vya bei nafuu. Vijiti ndivyo vinavyotumaliza: mashine unaweza kupewa zawadi, lakini kila aina ina vijiti vyake, na vikikosekana mjini, mashine inabaki pambo la kabati. Ndiyo maana wengi wetu hupima mara moja kwa wiki, tena siku tunayojisikia vizuri!

Kuna kulinganisha ambako hakufurahishi. Mwaka 2006 serikali ilitangaza matibabu bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa kina mama wanaojifungua, na vituo vya afya vikajaa siku zile zile. Mwenye virusi vya UKIMWI naye hupata dawa zake bila malipo, kwa fedha za wafadhili wa kimataifa, na ni jambo jema lililookoa maelfu. Mgonjwa wa kisukari hayumo katika mlango wowote kati ya hiyo. Sisi watumishi wa umma tuna mfuko wetu wa bima unaobeba sehemu kubwa ya gharama. Mama muuza chapati aliyemkopesha mzee Fanta hana mfuko huo. Naye pia, nilikuja kujua baadaye, anakojoa mara sita usiku na hajawahi kupimwa. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba katika Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu hawajui kama wanao.

Pana habari moja njema, na imetoka katika kambi ya wakimbizi, jambo lililonigusa kama mtoto wa makazi. Siku zote tumeambiwa insulini lazima ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kwa mji wa joto kama Bujumbura, wenye umeme wa kukatika, sharti hilo limewafukuza wengi kwenye matibabu. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichukua joto halisi lililopimwa katika kambi ya Dagahaley, kule Dadaab nchini Kenya, nyuzi 25 usiku hadi 37 mchana, wakaijaribu insulini maabara kwa wiki nne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: haikupoteza nguvu kuliko ile ya kwenye friji. Hii haina maana ya kuiacha juani au kwenye dirisha la daladala. Maana yake ni kwamba chupa unayoitumia mwezi huu inaweza kukaa nyumbani, kivulini, kando ya mtungi wa maji.

Kuhusu ulaji sitasema mengi. Karatasi ya ushauri niliyopewa mimi ilinihimiza kula matofaa na jibini isiyo na mafuta. Haikutaja bugali wa muhogo, wala maharage, wala lengalenga, wala ndagala, vitu ambavyo ndivyo vinavyoingia kinywani mwangu. Nimejifunza mwenyewe kupunguza tonge na kuongeza maharage na mboga. Harusini ni kazi zaidi. Ukikataa Fanta na ukakataa Primus, na mwili umepungua, jedwali zima linakuangalia kwa huruma na kukuhesabia miezi. Siku hizi nasema wazi kuwa nina sukari, na mara nyingi kuna mtu atanifuata nje kuniuliza kwa sauti ya chini dalili zake zikoje.

Wizara ya Afya inayo kazi kubwa ya kutafuta fedha za dawa, na sidhani itaimaliza kesho. Lakini kadi moja ya karatasi ngumu, yenye safu tatu za namba na maelezo ya Kirundi na Kiswahili, ikibandikwa kila kituo cha afya na kupewa kila mwenye mashine, haihitaji dola. Ya mzee wetu nimeiandika kwa kalamu ya wino mwekundu kwenye kifuniko cha boksi la chaki. Inaning'inia juu ya kitanda chake, na chini yake kuna chupa ndogo ya asali ambayo wajukuu wamekatazwa kuigusa.