Seva Moja Haitoshi Kubeba Chuo Kizima

Muhula uliopita, siku ya mwisho ya kusajili kozi, tovuti ya chuo ninamofundisha ilizimika tangu asubuhi hadi jioni. Majuma kadhaa baadaye, wanafunzi waliokwisha kulipa karo walizuiwa mlangoni mwa ukumbi wa mtihani kwa kuwa majina yao hayakuwemo orodhani. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu wa mofolojia. Wakuu walieleza kwamba mtambo ulielemewa, na kwamba itanunuliwa seva kubwa zaidi.

Kwa maoni yangu, hiyo si dawa. Seva kubwa ikianguka, huanguka na wote wanaoitegemea.

Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi, lakini hoja hii nimefunzwa na lugha yenyewe. Tunaposema "vitabu vikubwa vile vimepotea", wingi hutajwa mara nne. Kelele za darasa zikimeza kiambishi kimoja, msikilizaji bado ataelewa. Wahandisi stadi hujenga vivyo hivyo. Huweka seva kadhaa za kawaida zinazofanya kazi ileile, na mbele yake mtambo wa kugawa maombi ya watumiaji. Mtambo huo huzikagua seva kila baada ya sekunde chache. Isiyojibu huondolewa zamuni hadi itengemae. Mgawaji naye huwa na mwenzake wa akiba, asije akawa yeye ndiye chanzo cha maangamizi.

Hata hivyo, wingi wa nakala haufai kitu zikikaa chini ya paa moja. Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walipoteza data yao kabisa, kwani hata nakala za akiba zilikuwa papo hapo. Februari 28, 2017, mfanyakazi wa Amazon nchini Marekani alikosea amri moja, akaondoa seva nyingi kuliko alivyokusudia. Huduma ya kuhifadhi data ilikwama kwa saa kadhaa. Ukurasa wa kuwaarifu wateja nao haukuweza kurekebishwa, kwa sababu uliitegemea huduma iyo hiyo!

Wapo watakaosema kwamba vyuo vyetu havina fedha. Nakubali, ila seva mbili za wastani katika miji miwili si anasa, na kuwapangia wanafunzi siku tofauti za kujisajili hakugharimu hata shilingi. Vilevile, nakala ya akiba isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Kwa hivyo nawasihi wakuu wa vyuo: chagueni siku ya kawaida, muizime seva moja makusudi, kisha mtazame kama wanafunzi watatambua. Wakitambua, kasoro itakuwa imejulikana mapema, kabla haijamgharimu mtu mtihani wake. Kidole kimoja hakivunji chawa.